Sinidu, Fundi wa Kupapasa Kuta

Hapa Dese, mji wetu wa milimani Ethiopia, mafundi umeme hawana idadi. Ukimwita yeyote, ataanza kwa kufungua kisanduku cha umeme, atatikisa kichwa na kuguna, ili ujue mapema kwamba kazi ni kubwa na bei itapanda. Sinidu haguni. Kisanduku hata hakitazami. Anakuja siku unayopika, anaketi, anakula, halafu anainuka na kupita nyumbani mwako akipapasa kuta kwa kiganja, chumba kwa chumba, kama mtu anayenunua ng'ombe. Wageni humwona ni punguani. Sisi tuliomzoea tunasubiri tuone kiganja kitasimama wapi.

Ni mwanamke wa makamo, mnene wa mabega, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Huvaa suruali ya kazi chini ya gauni, na shuka lake jeupe hulifunga kiunoni badala ya kujitanda. Umeme alijifunzia kiwanda cha nguo kule Kombolcha. Aliingia akiwa mfagiaji wa vumbi la pamba, akatoka akiwa ndiye anayeongoza matengenezo ya zamu nzima. Mume wake wa kwanza alimwambia achague, yeye au nyaya. Hadi leo akiulizwa alijibu nini, Sinidu hutoa koleo mfukoni na kuliinua juu, watu wakacheka.

Mimi nilimwita kwa sababu ya tamaa, sioni haya kusema. Ninapika injera, mikate yetu mipana ya nafaka ya tefu, za kuuza kwa nyumba za chakula za huku kwetu juu, na nilikuwa na mitad mbili za umeme, yale masinia mapana ya udongo yenye waya wa moto chini yake. Mkahawa mpya ulifunguliwa karibu na stendi, mwenyewe akaonja injera yangu, akataka niwe nampelekea kila Jumatatu na Alhamisi, siku zangu za kupika. Mitad mbili zisingetosha. Nikanunua ya tatu, nikaiweka jikoni ikiwa bado na karatasi zake, nikamtumia Sinidu ujumbe aje aniunganishie.

"Unapika lini?" akanijibu.

"Alhamisi. Lakini we njoo hata kesho, nina haraka."

"Nitakuja Alhamisi. Uwe na unga wa kutosha."

Kabla hajafika, lazima nimtaje mama mkwe wangu, kwa kuwa bila yeye hakuna hadithi. Anaitwa Emama Twabech. Tulikuwa tukiishi nyumba moja kwa amani ya watu wasiosemeshana. Wakati wake alikuwa mpishi wa injera aliyejulikana mpaka vijiji vya nje ya mji, akipika kwa kuni, macho mekundu kwa moshi, na kila harusi kubwa aliitwa yeye. Siku niliyoleta mitad ya umeme alisimama mlangoni mwa jiko, akaitazama injera yangu ya kwanza ikitoka, akasema, "Haina macho." Wanaokula injera wanajua tusi hilo lina uzito gani. Injera isiyo na vitundu vyake juu ni kitambaa. Akageuka, akaenda chumbani kwake, na tangu siku ile hakukanyaga jiko langu tena. Mume wangu Belete ni dereva wa lori la njia ya Jibuti, kwa hiyo nyumbani huwa tumebaki sisi wawili, na ukuta katikati yetu.

Ukuta wenyewe ni wa udongo uliokandwa na majani makavu ya tefu, kama nyumba nyingi za hapa. Upande mmoja jiko, upande wa pili chumba cha Emama. Na ukuta huo, kwa Emama, ulikuwa mtakatifu.

Ilianza hivi. Nilipoongeza mitad ya pili, breka ilianza kunitesa. Breka ni kile kiswichi cha kwenye kisanduku kinachojiangusha chenyewe na kukata umeme mzigo ukizidi. Nilikuwa namimina unga wa maji, tap, kimeanguka. Nakiinua, namimina, tap. Belete aliporudi safari akanikuta nalia juu ya injera mbichi. Yeye ni mtu wa vitendo. Akaenda kwa rafiki yake mwenye mashine ya kusaga nafaka, akarudi na breka nene, akaifunga mwenyewe. "Hii ni ya wanaume," akasema. Na kweli, haikuanguka tena. Nilimsifu mume wangu mtaa mzima.

Juma lilelile baba wa kiroho wa Emama alikuja kunyunyiza maji ya baraka, kwa kuwa mgongo wa Emama ulikuwa umemshika hata kuinuka kitandani ni kazi. Akanyunyiza kitanda, mlango na ukuta. Siku iliyofuata Emama akaegemea ukuta, akasikia joto linampanda mgongoni taratibu. Kwa baridi ya Dese, joto la namna hiyo ni kitu cha kupigiwa vigelegele, na alivipiga kweli, peke yake chumbani. Tangu hapo alikuwa akiweka kigoda chake palepale, mgongo ukutani, shuka zito la pamba mabegani, na mgongo wake ukaanza kunyooka. Wazee wenzake walikuja kuegemea pia. Malaika Gabrieli, alisema, ameweka kiganja chake humo.

Mimi niliguna tu. Nilikuwa na injera za kupika.

Alhamisi Sinidu akaja na gunia lake la vifaa. Nilikuwa nimewasha mitad zote mbili tangu asubuhi. Akakaa kwenye dumu la unga, akala injera ya kwanza na mchuzi wa shiro, akala ya pili.

"Mkono wako mzuri," akasema. "Nani anasema haina macho?"

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima unajua, mama. Mkwe wako anasema kila akienda kanisani."

Akajifuta mikono, akasimama, akaanza safari yake ya kupapasa. Ukuta wa dirishani akaupita. Ukuta wa mlangoni akaupita. Alipofika ukuta wa katikati, kiganja kikasimama. Akakisogeza juu, kikasimama. Akakisogeza upande, akifuata mstari kama anayefuata mshono wa nguo. Sauti yake ikashuka, na hapo nikaanza kuogopa, maana sauti ya Sinidu haishuki.

"Nyuma ya hapa kuna nini?"

"Chumba cha Emama."

"Yumo?"

"Yumo. Ameegemea."

Hakusubiri hata nimalize. Akaenda kwenye kisanduku, akaisoma breka ya Belete, akaiangusha kwa kidole. Mitad zote mbili zikazima, injera ikiwa nusu mbichi chini ya kifuniko.

"We Sinidu!" Nilipandwa na hasira. "Watu wananisubiri! Nimekuita uongeze, umekuja kuzima?"

"Asnaku, njoo uweke mkono hapa."

"Nina unga mikononi."

"Weka na unga wako."

Nikaweka. Ukuta ulikuwa na moto. Sisemi uvuguvugu. Nilikuwa nimepika kando ya ukuta huo muda wote huo na sikuwahi kuugusa, maana jiko lote ni joto, nani atashangaa?

"Sikiliza sasa," akasema. "Mitad yako moja inavuta ampea kumi na saba. Mbili ni thelathini na nne. Waya uliomo humu ukutani ni wa milimita mbili na nusu, ulizikwa na fundi wa nyumba kwa ajili ya taa na redio. Ukiwa nje kwenye hewa, ungebeba mitad moja tu. Umezikwa kwenye udongo na majani, hauna pa kupumulia, hata moja ni ya kuuonea huruma. Wewe umeutwika mbili."

"Lakini breka ni kubwa. Belete aliweka ya mashine."

"Ndiyo ugonjwa wenyewe! Breka ya mwanzo ilikuwa inakupigia kelele, inakwambia waya unaungua. Mumeo akaenda kumtafutia asiyepiga kelele. Hii ni ya arobaini. Kwake yeye, thelathini na nne ni mchezo, hashuki ng'o. Dada yangu, breka haikuwekwa kulinda mitad. Inalinda waya. Unaanza na mzigo, unachagua breka inayouzidi kidogo, kisha unachagua waya unaoizidi breka. Ukipindua mpangilio huo, waya ndio unakuwa breka. Nao ukikatika, haukatiki kimyakimya."

Majani makavu ya tefu, nikawaza. Tumejenga nyumba kwa kiberiti. Na mama wa mume wangu ameweka mgongo wake juu yake akishukuru.

Tukaenda chumbani. Emama alikuwa pale pale kwenye kigoda, macho ameyafumba, kichwa kimeegemea, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba. Sinidu akamwinamia kwa heshima, akamwuliza mgongo, akamwuliza usingizi, akamwuliza kanisa. Kisha akasema, "Mama, nakuomba uinuke kidogo. Ukuta huu inabidi tuufungue."

Emama akafumbua jicho moja. "We mwenye suruali ni nani?"

"Sinidu, fundi umeme. Binti wa Itagu wa mtaa wa chini."

"Itagu namjua. Alikuwa na adabu." Akafumba jicho. "Ukuta hafungui mtu."

"Emama, kuna moto ndani," nikasema. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu Pasaka.

Hakunitazama. Akamwambia Sinidu, "Mwambie huyo mpishi wa vitambaa kwamba moto wake uko kwake. Huku kwangu kuna baraka. Nilikuwa nimepinda, leo naamka mwenyewe, navaa mwenyewe, naenda kanisani kwa miguu yangu. Mnataka kuichukua? Anzeni na mbavu zangu."

Na akaubana ukuta kwa mgongo, mikono miwili imeshika kigoda.

Mimi ningemwinua kwa nguvu, nasema kweli. Nilishapiga hatua. Sinidu akanishika mkono. "Nenda ukachome kahawa," akasema. "Chukua mkaa. Umeme usiuguse."

Nikaleta kahawa chumbani kwa Emama, chumba ambacho sikuwahi kuketi. Nikakaanga buni, moshi ukajaa, nikapitisha kikaango wanuse. Hakuna Mkristo wala Mwislamu wa Dese anayefukuza kahawa, na Emama hakuifukuza. Sinidu akavuta kigoda cha pili, akaketi sambamba naye, akaegemea ukuta uleule, bega kwa bega.

"Mh," akasema. "Kweli pana joto."

"Nilikwambia."

"Mgongo wangu nao unaniuma. Ngazi zile."

"Egemea, mwanangu. Hakatazwi mtu."

Wakanywa kikombe cha kwanza wakimsengenya mke wa shemasi. Nikamimina cha pili, wakahamia bei ya vitunguu. Hakuna aliyetaja waya. Nilikuwa nachemka kuliko birika, nikifikiria injera zangu zinazolala mbichi, lakini Sinidu alikunywa polepole kama hana kazi nyingine duniani. Emama akaanza kujivutia shuka mabegani. Akajisogeza kushoto. Akajisogeza kulia. Nilipomimina cha tatu, alikuwa amepeleka mkono nyuma, anapapasa ukuta kama Sinidu anavyopapasa.

"Mmeufanya nini ukuta wangu?"

"Hatujaufanya kitu, mama," Sinidu akasema. "Tumezima mitad tu. Umekuwa nasi hapa hapa, hakuna aliyeugusa."

Emama akaondoa mkono ukutani. Akahesabu kitu kichwani, na nilijua anahesabu nini: Jumatatu na Alhamisi, siku za kupika. Jumapili, siku ya kanisa lenyewe, ukuta ulikuwa baridi, naye alikuwa akisema malaika amepumzika.

"Kwa hiyo joto hili," akasema taratibu, "lilikuwa linatoka kwa huyu?"

"Linatoka kwenye mitad zake, likapotea njia."

Akaniangalia. Mara ya kwanza kwa muda mrefu aliniangalia usoni, si begani. Kisha akajiinua kwa kushika goti la Sinidu, akasogeza kigoda mwenyewe.

"Fungua," akasema.

Sinidu akachokonoa udongo kwa patasi. Tabaka la kwanza lilikuwa la kahawia, kama udongo wowote. Ndani yake majani ya tefu yalikuwa meusi. Yalikuwa makaa membamba, yanasagika ukiyashika, na harufu ikatoka, ile harufu ya kuni ambayo Emama aliishi nayo miaka yote ya upishi wake. Ala ya waya ilibanduka kwa kucha kama ganda la shayiri iliyokaangwa. Mahali pamoja shaba ilikuwa wazi kabisa, na mahali hapo, nikipima kwa macho, palikuwa sawasawa na katikati ya mabega ya mama mkwe wangu.

Emama akapiga ishara ya msalaba. Nilidhani atalia. "Basi alikuwa anauzuia moto," akasema. "Gabrieli. Muda wote huu alikuwa hanipashi joto. Alikuwa anauzuia."

Sinidu hakubisha. "Alikuwa na kazi kubwa, mama," akasema. "Sasa tumpumzishe."

Nilimpigia Belete simu akiwa mji wa Mile, njiani kwenda Jibuti.

"Kasema breka iwe ya ngapi?" akapiga kelele.

"Ya ishirini. Mbili. Kila mitad na yake."

"Ishirini? Ndogo kuliko niliyoweka? Itaanguka kutwa, mke wangu, utanililia tena!"

Sinidu akaninyang'anya simu. "Belete, wewe lori lako likipiga king'ora cha breki, unatengeneza breki au unang'oa king'ora? Eh? Sasa mbona nyumbani kwa mama yako umeng'oa king'ora?" Sikusikia alichojibu. Nilisikia tu Sinidu akisema, "Asante, na wewe safari njema," akanirudishia simu imekatwa.

Kazi aliifanya kwa siku zilizofuata, akiimba. Nyaya mbili mpya, za milimita nne, kila mitad na njia yake mwenyewe hadi kwenye kisanduku, zikipita nje ya ukuta ndani ya mfereji wa plastiki mahali zinapopata hewa. Breka mbili za ishirini, kumi na saba ikae ndani yake kwa raha. Ule waya mzee aliung'oa wote, akaukunja na kuutundika mlangoni mwa jiko ili Belete akirudi agonge kichwa. Mitad ya tatu hakuiunganisha.

"Waya wa kutoka kwenye nguzo mpaka mita yako nao una kikomo," akasema. "Mbili utaubebesha, tatu hapana. Omba ofisi ya umeme wakuongezee njia kubwa, wakishakuongezea niite."

"Na mkahawa wa stendi?"

"Apike yake."

Nilimchukia nusu saa nzima. Baadaye nikampelekea mwenye mkahawa nilichoweza, akakichukua, na dunia haikuanguka.

Jumatatu nikawasha mitad zote mbili. Breka hazikutikisika. Kila baada ya muda niliweka kiganja ukutani, ugonjwa aliotuambukiza Sinidu, na ukuta ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Baridi hiyo ilinifurahisha, kisha ikaniuma. Nilijua upande wa pili kuna nani.

Nikamsikia. Kigoda kikaburuzwa hadi mahali pake. Akakohoa. Akakohoa tena. Nilimwaza amejikunyata ndani ya shuka lake, mgongo umeanza kukaza, na mkono wangu ukawa mzito juu ya unga. Nilitaka kwenda. Sikujua nitamwambia nini mlangoni. Tumeokoa mgongo usiungue, sasa tunauua kwa baridi.

Kisha kigoda kikaburuzwa tena. Kikapita mlango wake. Kikapita ukumbini, kikisimama kila baada ya hatua chache ili mwenyewe apumue. Mlango wa jiko ukasukumwa.

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atarudi. Nikamimina unga kwa mzunguko, kuanzia ukingoni kuja katikati, nikafunika, nikasikia kigoda kikiwekwa kati ya mitad mbili, pale penye joto kuliko pote, na mifupa yake ikishuka juu yake moja moja. Nikafunua. Mvuke ukapanda, tukaitazama injera sote wawili, vitundu vikifunguka juu yake kutoka ukingo hadi ukingo.

"Unamimina polepole sana," Emama akasema. "Lete hiyo kata."